KONA YA VIJANA: Ananizidi miaka kumi na moja

Swali la mwezi huu: «Niko na miaka 16, nasoma. Kuna kaka wa miaka 27 ananipenda. Ananinunulia sabuni, madaftari na uniti za simu. Anasema nisimwambie mama mpaka wakati ufike. Je, ni vibaya?»

Mdogo wetu, asante kwa kuuliza. Kupendwa si kosa, na kutaka sabuni si tamaa. Kambini mgao hautoshi, kila mtu anajua. Lakini hapo ndipo shida ilipo: yeye ana kitu ambacho wewe huna. Leo anakupa bila kudai. Siku atakapodai, utakataaje wakati umeshakula vyake?

Jipime kwa maswali matatu. Ukimwambia «hapana», anakubali au ananuna? Anaweza kuja kwenu mchana, akakaa na wazazi? Anakutia moyo umalize shule? Mtu mwenye nia njema hakuambii umfiche mama. Wale wanaosema «ni siri yetu» wanajilinda wao, hawakulindi wewe.

Tena kuna sheria, na sisi wakimbizi inatuhusu sawa na wenyeji. Burundi, kulala na mtoto chini ya miaka 18 kunahesabiwa kuwa ubakaji, hata kama mtoto alikubali. Sheria ya familia ya 1993 iliweka ndoa kuwa miaka 18 kwa msichana na 21 kwa mvulana. Kwa hiyo akisema «nitakuoa», mwambie angoje. Anayekupenda kweli ataweza kungoja.

Wavulana, msicheke. Mama mwenye duka anayekuita jioni ukamsaidie, halafu anakupa feza nyingi kuliko kazi, ni habari ileile.

Na kama jambo limeshatokea, kwa nguvu au kwa kudanganywa? Usijifungie nyumbani. Fika kwa muganga kabla ya masaa 72 kupita, ili upewe dawa za kuzuia virusi vya UKIMWI. Dawa ya kuzuia mimba inaweza kusaidia mpaka siku ya tano, lakini mapema ni bora. Usifue nguo ulizovaa, nenda nazo. Hata kama umeshaoga au siku zimepita, nenda tu.

Gitega kuna kituo cha Humura, kilichofunguliwa 2012. Hapo unapata matibabu, mtu wa kukusikiliza, na msaada wa polisi na wa sheria, vyote mahali pamoja. Jina lenyewe kwa Kirundi ni kusema «tulia, usiogope». Huduma ya namna hiyo ilipelekwa pia hospitali ya Muyinga, ambako ni karibu zaidi kwa sisi wa Kinama. Anza na muganga wa kambi, atakuelekeza.

Wazazi, neno moja. Mtoto akiwaambia, msianze na fimbo, wala msikae na familia ya yule mtu kuhesabu mbuzi. Mbuzi haponyeshi mtoto, na masaa 72 hayangoji kikao. Mtoto aliyepigwa kwa kusema ukweli hatasema tena.

Mdogo wetu, mwambie mama jioni hii. Kama unaona haya, anza na shangazi au mwalimu wa kike unayemwamini. Sabuni tutaitafuta pamoja. Tuonane mwezi ujao.