Nyumbani Kwetu: Majani ya Mwembe na Kanga Mpya

Sisi hapa Chemchem, mjini Tabora, viuno vinauma kwa kufagia.

Wenzetu wa Ulaya huiita miezi hii ya Septemba hadi Novemba majira ya majani kupukutika, na kamusi zetu huyapa majira hayo jina la vuli. Jina hilo hutuchekesha sisi watu wa Tabora. Vuli ni mvua za wenzetu wa pwani na wa kaskazini. Mtabiri wa hali ya hewa akizitaja redioni, tunajua hasemi na sisi. Sisi tuna msimu mmoja tu wa mvua, unaoanza Novemba na kwisha Aprili. Kwa hiyo Oktoba kwetu ni kiangazi kilichokomaa. Mchana joto hupita nyuzi 30, upepo unazoa mchanga barabarani na kuumwaga juu ya meza uliyotoka kuifuta sasa hivi, na kila mtu anatazama juu kuona kama mawingu yale ni ya kweli au yanapita tu.

Lakini majani yanapukutika, hilo hatubishi. Huko porini miti mingi ya miombo hubaki mitupu, kisha, kabla hata tone la mvua halijaanguka, huchipua majani mekundu yanayong'aa kama yamepakwa mafuta. Mwembe una tabia nyingine. Mwembe haukai uchi hata siku moja. Huangusha majani yake kidogo kidogo, kutwa nzima, kama mtu anayekuudhi kwa neno moja moja. Uani kwetu tunayo miembe miwili mikubwa. Wazee husimulia kwamba miembe ya Tabora iliota kutokana na kokwa zilizotupwa na watu wa misafara, waliokuwa wakipita hapa kati ya Bagamoyo na Ujiji. Kama ndivyo, basi watu wale walikula maembe wakaenda zao, wakatuachia sisi ufagio.

Uwanja unafagiwa saa kumi na mbili asubuhi. Saa nne umejaa tena. Saa kumi jioni unafagiwa mara ya pili, maana mgeni hawezi kukuta uwanja mchafu. Tafadhali msiyachome majani hayo. Hili tunalisema tukiwa wauguzi. Mwembe ni ndugu wa mkorosho, una utomvu unaowasha, na moshi wake huumiza macho na kifua, hasa kwa mtoto mwenye pumu. Sisi tumechimba shimo nyuma ya jiko. Tunayatupa humo pamoja na maganda ya ndizi na majivu kidogo, tunayamwagia maji yaliyooshewa mboga, na mvua zikianza tunatandaza mbolea hiyo kwenye tuta la mchicha. Huchukua muda mrefu kuoza kwa kuwa ni magumu, lakini huoza.

Kila nyumba ina maudhi yake wakati huu wa joto. Kwetu bomba hukohoa upepo kwanza ndipo litoe maji. Mfuniko wa pipa hautulii mahali pake, na hakuna anayejua nani anauondoa. Umeme wa LUKU huisha wali ukiwa umetokota nusu. Mkasi wa kushonea huchukuliwa na baba watoto kukatia waya wa banda la kuku, kisha hurudishwa kimya kimya ukiwa na meno kama msumeno. Na mchwa! Mchwa wa Tabora hawana adabu. Mwaka juzi walipanda ndani ya ukuta, wakaingia kabatini kwa chini, wakatafuna boksi tulilowekea nyuzi za kufumia. Na nyuzi zenyewe hawakuziacha.

Tuseme kidogo kuhusu nyuzi hizo, maana ndizo zilizotuletea aibu tunayotaka kuisimulia. Kufuma ni kitu tunachokifanya kwa kujifurahisha tu, bila mtu kutudai. Jioni, kazi zikipungua, tunakaa mkekani chini ya mwembe na sindano yetu, na kwa muda wa saa moja hatuitwi sista wala mama. Akina mama wengi mnalifahamu jambo hili. Makochi yenu yanashuhudia. Sisi kwa miaka sita tumekuwa tukifuma vipande vya mraba vya uzi mweupe wa pamba, vya kuunganishwa kuwa tandiko la kitanda la binti yetu mkubwa siku atakapoolewa. Mwenyewe hajasema lolote kuhusu kuolewa. Mama huanza kufuma kwanza. Hadi Oktoba ya mwaka jana vipande vilikuwa vimefika 83.

Mwezi huo tuliona vumbi limevifanya kuwa na rangi ya chai ya maziwa, tukamwambia dada avifue. Dada ni binti anayetusaidia kazi za nyumbani. Watoto ndio waliompa jina hilo, nasi tukalifuata. Alikuwa na miaka 19, ametoka kijiji kimoja upande wa Sikonge, na alikuwa amekaa nasi miaka mitatu. (Umri tunautaja kwa makusudi. Sheria ya ajira ya mwaka 2004 inakataza kumwajiri mtoto aliye chini ya miaka 14, na bado tunawaona watoto hao wakibeba watoto wenzao mgongoni.)

Jioni ile walikuwapo nyumbani kwetu akina mama watano wa kikundi chetu cha kanisa, tukipanga zamu za kuwatembelea wagonjwa. Tulitoka uani kuchukua kiti, tukaviona vipande vyetu kwenye kamba. Vyote 83 vilikuwa pinki.

Tulisema maneno pale, mbele ya wageni. Yote hatutayaandika. La mwisho lilikuwa, "Hata akili huna." Dada alisimama na beseni tupu mkononi, akasema, "Samahani, mama," akaingia jikoni. Wageni walimaliza chai yao haraka kuliko kawaida, wakaaga.

Sasa tuwaambie habari ya kanga. Asubuhi ya siku ile tulikuwa tumetoka zamu ya usiku, tumejifunga kanga mpya nyekundu ambayo ilikuwa haijawahi kuona maji. Tuliivua, tukaitupa kwenye beseni lililokuwa karibu na mlango, tukaenda kulala. Dada alikuta beseni lina vitambaa vya mama na kanga ya mama, akaelewa kama ambavyo mtu yeyote angeelewa. Haya yote tuliyakumbuka usiku uleule, tukiwa kitandani. Tukanyamaza. Siku ya pili pia tukanyamaza. Siku ya tatu tulikuwa tumeshapata la kujitetea: kwamba yeye ni mtu mzima, kanga mpya angeijua kwa harufu yake, angeitenga.

Yeye hakununa. Angalau angenuna! Alifagia uwanja vizuri kuliko siku zote, akaitika "abee, mama" kila alipoitwa, lakini kuimba jikoni aliacha. Jumamosi alikuja akapiga magoti kidogo, kama ilivyo desturi, akasema, "Mama, mvua zinakaribia. Naomba ruhusa niende nyumbani nikawasaidie kulima."

Hakuna sababu inayokubalika Unyamwezini kuliko hiyo. Hata katika karne ya 19, wakati wa misafara, wapagazi wa Kinyamwezi waliokwenda pwani na mizigo waliondoka baada ya mavuno, na wengi walijitahidi kuwa wamerudi kabla ya mvua za kupandia, kwa kuwa nyumbani jembe liliwangoja. Reli ilifika Tabora mwaka 1912 na kazi yao ikapungua, lakini desturi ya kurudi kwa ajili ya shamba ipo hadi leo. Basi alichagua sababu ambayo mama mwenye nyumba hawezi kuibishia, na ambayo haimlazimu kutaja kosa la mtu. Tulielewa. Tukamjibu kwa sauti ya ofisini kwamba tutazungumza na baba.

Kesho yake, baada ya ibada, mtoto wetu wa mwisho, wa miaka minne, alikuwa akimpa paka maziwa kwenye kifuniko cha sufuria. Paka akakipindua. Mtoto akaweka mkono kiunoni, akamwambia paka kwa sauti ambayo haikuwa yake, ilikuwa yetu kabisa: "Hata akili huna!"

Baba watoto alikuwa akisoma gazeti chini ya mwembe. Hakuinua macho. Aliuliza tu, "Mama watoto, ile kanga nyekundu, hivi nani aliiweka kwenye beseni?"

Kumwomba radhi mtu uliyemzidi umri, tena unayemlipa mshahara, si jambo jepesi katika malezi yetu. Njia za mkato tunazijua: unamnunulia soda, unamtuma dukani na kumwambia chenji abaki nayo, unamwita kwa sauti laini, mambo yanapita. Sisi tulifikia hata kutoa gauni letu moja zuri kabatini na kulipiga pasi. Tukalirudisha. Gauni lisingemwambia mtoto yule wala wale akina mama watano nani aliitia kanga majini.

Jumatatu usiku, wote tukiwa tumekaa kula, tulisema: "Dada, kanga niliitia mimi mwenyewe kwenye beseni, nikasahau. Kosa lilikuwa langu, nikakutukana wewe mbele ya wageni. Naomba unisamehe." Watoto waliacha kutafuna. Dada aliutazama ugali kwa muda. "Nimesikia, mama," akasema. Hakulia, hakutukumbatia, na chakula kiliendelea. Kama mlitarajia zaidi, na sisi tulitarajia.

Kuwaambia wale akina mama kulikuwa kugumu zaidi, kwa kuwa hakuna aliyetuuliza. Tulisimulia Alhamisi kwenye kikundi kabla ya sala ya kufunga. Wawili walicheka ile habari ya paka. Mmoja alinyamaza muda mrefu, kisha akasema kwake ilikuwa sahani. Mwingine akasema kwake yalikuwa maziwa yaliyoungua, na binti aliondoka usiku, hadi leo hajui alipokwenda. Siku hiyo hatukufunga kwa wakati.

Baadhi yenu mtataka kujua kama uzi mweupe ulioingiwa na rangi unaweza kuokolewa. Ukigundua mapema, usiuanike. Uloweke tena na kuusuuza mara nyingi katika maji safi, kwa maana rangi ikishakauka inashika zaidi. Dawa ya kutakatisha, ile tunayoiita jiki, husaidia kwa nguo nyeupe za pamba ikitiwa kidogo katika maji mengi, ingawa hudhoofisha uzi. Kamwe msiichanganye na siki wala na dawa ya kusafishia choo, kwa sababu mchanganyiko huo hutoa hewa yenye sumu, na bafu zetu ni ndogo. Kanga mpya ifuliwe peke yake mara mbili tatu za mwanzo. Haya yote tulikuwa tukiyajua, tena tumewafundisha wengine. Vipande vyetu hatukuvitia dawa.

Dada alikwenda kulima hata hivyo. Mvua ya kwanza ilinyesha usiku mmoja wa Novemba, kumbikumbi wakajaa kwenye taa, na asubuhi alifunga mzigo wake. Tulimpa mshahara, nauli, na lile gauni pia, maana sasa lilikuwa gauni tu. Alipokwisha kuaga watoto alisita mlangoni, akauliza kama anaweza kupata kipande kimoja cha pinki. Tulimpa viwili na sindano ya kufumia. Akaishika sindano ile kama mtu aliyekwisha kuizoea. Kumbe jioni zile alizokuwa akichambua mchele pembeni yetu, alikuwa akihesabu mishono.

Baada ya mavuno hakurudi. Mwezi Juni alituletea chupa ya asali kwa mtu aliyekuwa akija mjini, pamoja na salamu kwa watoto, mmoja mmoja kwa jina. Kama atarudi hakusema, nasi hatujamuuliza. Uwanja tunafagia wenyewe kwa zamu. Baba watoto ana Jumatano na Jumamosi, na tangu aanze amekuwa na maneno mengi sana juu ya miembe.

Tandiko linahitaji vipande 120, na vilivyobaki inabidi viwe pinki vilingane na vingine. Tumezunguka maduka yote ya nyuzi sokoni, pinki ya namna ile haipo. Basi tulinunua uzi mweupe, tukauloweka usiku kucha pamoja na kanga yetu nyekundu. Asubuhi tulikuta maji meupe pe. Kanga imekwisha acha kuchuja.