Jiwe la Tabaka Lamsubiri Mhakiki

Mwanafunzi wa Kiswahili, tangu muhula wake wa kwanza, hufundishwa kwamba fasihi ni tawi mojawapo la sanaa, kisha hutajiwa ndugu zake: uchoraji, ususi, ufinyanzi, uchongaji. Orodha hiyo hukaririwa, huandikwa katika mtihani, na uchongaji hausikiki tena hadi siku ya mahafali. Kwingineko usahaulifu huu huenda ukasameheka. Kisii hausameheki, maana Tabaka, kitovu cha uchongaji wa mawe ya sabuni, imo humo humo katika kaunti, huko Mugirango Kusini.

Chukua mfano wa Elkana Ong'esa. Msanii huyu alitoka katika jamaa ya wachongaji, akasomea sanaa Makerere, kisha akarejea kwenye jiwe lile lile la kwao. Sanamu yake ya ndege wa amani ilifika makao makuu ya UNESCO mjini Paris. Mwaka 2014, katika tamasha la Smithsonian mjini Washington ambako Kenya ilialikwa, alichonga hadharani mbele ya umati. Maisha hayo ya usanii yameandikwa, lakini aghalabu kwa Kiingereza. Mhakiki wa Kiswahili amenyamaza.

Nyuma ya jina hilo moja wako wachongaji wengi wasiotajwa. Wanaume huteremka machimboni na sururu na mitaimbo. Jiwe hukatwa, huchongwa kwa panga, patasi na kisu. Wanawake hulisugua kwa msasa na maji hadi lilainike, kisha hupakwa nta ling'ae. Kazi iliyopita mikononi mwa watu wanne au watano huuzwa Nairobi na ng'ambo kwa jina la "jiwe la Kisii", basi.

Kutotajwa huku kuna historia. Mwishoni mwa miaka ya 1940, serikali ya kikoloni ilimpa Joy Adamson, mzaliwa wa Ulaya, kazi ya kuchora watu wa makabila ya Kenya wakiwa na mapambo yao ya jadi. Nyingi za picha hizo alizitoa katika kitabu cha mwaka 1967, The Peoples of Kenya. Ni hazina, hakuna anayekana. Hata hivyo, aliyechorwa aghalabu hujulikana kwa kabila lake kuliko kwa jina lake. Kwa Ong'esa mambo yaligeuka: aliyezoea kutazamwa ndiye aliyeshika patasi.

Baadhi ya wahadhiri watadai kwamba jiwe si matini, na kwamba uchongaji una idara yake. Dai hili ni jepesi. Mtazame kiboko mdogo wa jiwe, yule anunuliwaye na kila mtalii. Mnunuzi huona mnyama wa mbugani tu. Lakini kiboko ni mnyama wa utambulisho wa Abanchari, kama punda milia alivyo wa Ababasi na chui wa Abagetutu. Je, mchongaji humchonga kiboko kwa sababu soko lamtaka, au liko jambo jingine ambalo mtalii hakuelezwa? Kwa nini ukoo ukamchagua mnyama huyu? Ni visa gani vinavyosimuliwa, na mwiko gani unaoandamana navyo? Hayo ni maswali ya fasihi simulizi, na anayestahili kuyauliza ni mwanafunzi wa Kiswahili, hasa yule ajuaye Ekegusii na awezaye kukifasiri.

Wazee wenye majibu wapo Tabaka, na wapo pia Nyamira, ambako Abagirango wengine wanaishi ingawa sifa za jiwe ni za Tabaka. Ilhali tasnifu zinazidi kurundikana juu ya riwaya zile zile zilizokwisha kuhakikiwa hadi zikachakaa. Mwanafunzi mmoja, daftari moja, kinasa sauti kimoja: kutoka mjini Kisii hadi machimboni ni nauli ya matatu tu.