Klorini haipimwi kwa macho

Hapa Kimihurura wapo wanaomwaga maji kwa sababu yananuka klorini. Goma, Julai 1994, wakimbizi walikufa kwa maelfu kwa kipindupindu. Mimi naona heri harufu. Cha kuogopa ni kupima poda kwa macho. Poda hiyo, hipokloriti ya kalsiamu, hutengenezwa kwa chokaa na gesi ya klorini. Gramu 15 za poda yenye klorini asilimia 65 hadi 70, katika lita 1 ya maji, hutoa dawa ya asilimia 1. Hainywewi hiyo! Mashapo meupe ni chokaa, yaache chini. Dawa kidogo hutiwa kwenye maji yasiyo na matope, halafu subiri dakika 30. Poda ikae kwenye plastiki yenye kifuniko. Kopo la chuma huliwa na kutu.