Mawe ya dhahabu yasisagwe uani



Wiki mbili zilizopita, baada ya Swala ya Ijumaa, mama mmoja wa hapa Kilosa alinifuata barazani mwa msikiti. Mwanawe alikuwa amerejea kutoka machimbo ya Chunya, akateremka Mikumi na viroba vitatu vya mawe ya dhahabu na kichupa cha zebaki. Alikusudia kuyasaga na kuyachenjua uani, kando ya bustani ya mchicha wanapocheza wajukuu. Mama akaniuliza: “Katibu, ubaya uko wapi? Kijana anatafuta riziki ya halali.”

Nilimweleza yaliyowafika wenzetu wa jimbo la Zamfara, kaskazini mwa Nijeria, mwaka 2010. Huko familia zilisaga mawe ya dhahabu majumbani, nayo yalikuwa na madini mengi ya risasi. Vumbi likatua uani na katika vyakula. Watoto wadogo, ambao hutambaa chini na kutia mikono kinywani, wakapatwa na degedege. Waliofariki hawakupungua 400. Dawa peke yake haikutosha kwa mtoto anayerudi kwenye ua uleule. Ilibidi udongo wa juu uondolewe na kuletwa mwingine.

Sumu hii haionekani kwa macho. Wataalamu huchukua udongo wa mahali panapotiliwa shaka, wakaulinganisha na udongo wa eneo hilohilo ambao haujaguswa. Kisha kila metali hupewa uzito kwa kadiri ya ukali wake. Katika njia iliyowekwa na Lars Håkanson wa Sweden mwaka 1980, zebaki ina uzito wa 40, kadimi 30, aseniki 10, risasi 5 na zinki 1. Zinki ikifika mara 3 ya kiwango cha asili, hesabu ni 3, na chochote kilicho chini ya 40 huitwa hatari ndogo. Zebaki ikifika mara 3 hizohizo, hesabu ni 120, nayo tayari ni hatari kubwa kwa viumbe wa ardhini na majini. Tena hesabu hii ni ya mazingira. Mwili wa mtoto una vipimo vyake, na kwake hata risasi kidogo ni madhara.

Sisi wa Kilosa tunaujua Mto Mkondoa unapofurika. Metali haiozi kama majani. Kinachomwagwa uani kwangu leo, masika yatakipeleka shambani kwa jirani, na mto utakishusha kuelekea Wami. Fiqhi imetufunza kuwa kuzuia madhara hutangulizwa kabla ya kutafuta manufaa. Wala tusichanganye mambo mawili: udongo waweza kuwa twahara kwa kutayamamia, na papo hapo ukawa sumu kwa anayeulamba.

Basi, enyi wazazi, mawe yachenjuliwe mahali palipotengwa, mbali na makazi na maji. Zebaki isichomwe jikoni kabisa, kwa kuwa mvuke wake huingia mapafuni mwa wote waliomo. Nguo za machimboni zivuliwe kabla ya kuingia ndani, zifuliwe peke yake. Mwenye shaka na kiwanja chake amwone afisa mazingira wa wilaya kabla ya kupanda mboga. Na wataalamu wa udongo hawako mbali, wapo Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro.

Kijana yule alikuja kuniona siku ya pili. Hakubisha, alisema tu kwamba nauli ya viroba ilikuwa ya mkopo, na hana ya kuvihamishia. Wajumbe watatu wa kamati tukachanga mifukoni mwetu. Jumamosi viroba viliondoka, na jioni watoto walikuwa wanacheza palepale.