Gari Kubwa, Kisiwa Kidogo

Kila asubuhi ya siku za kazi, njia itokayo Bububu kuingia mjini hujaa magari. Daladala za nambari 502 husimama zikapakia, baskeli hujipenyeza, na watoto wenye sare za skuli hungoja pembezoni wapate upenyo wa kuvuka. Katikati ya msongamano huo, hapo Mtoni, mara kwa mara huonekana gari refu, lenye vioo vya giza na injini iwezayo kuvuta mzigo wa tani tatu mlimani, limembeba mtu mzima mmoja na mtoto mmoja apelekwaye skuli. Watu wetu wameliita gari hilo shangingi, na jina limeganda.

Si kusudi letu kumcheka mwenye shangingi, wala kumwonea kijicho. Mali aliyoichuma mtu kwa halali ni yake. Lakini gari halikai sebuleni kama kabati. Likitoka nyumbani huingia katika njia ya watu wote, na hapo ndipo umma unapopata haki ya kusema. Swali letu leo ni hili: je, magari haya makubwa yenye nguvu na mbio za kupindukia yanafaa kuwa magari ya familia katika kisiwa chetu cha Unguja? Na kama hayafai, ni nani wa kwanza kutoa mfano?

Tuanze kwa insafu, kwani kivutio chake si cha bure. Familia ya Kizanzibari si baba, mama na watoto wawili tu. Kukiwa na harusi Makunduchi au maziko Mkokotoni, bibi hupakiwa, shangazi hupakiwa, na watoto wa jirani nao humo. Gari lenye viti saba au vinane huwaweka wote kwa raha. Tena mitaa mingi mipya iliyoota kandokando ya mji haina lami; njia zake ni mawe ya matumbawe yaliyochomoza na mashimo yasiyo na kiasi. Masika yakishuka, mwenye gari la chini huliacha nyumbani akaenda kwa miguu, huku mwenye gari la juu akipita. Mzazi hukaa juu, akaona mbali, akajihisi salama na wanawe. Na tusifiche: liko jambo la heshima. Mtu huonekana amefika.

Fahari ya kipando si ngeni kwetu, na hasa si ngeni Mtoni. Katika jumba la Seyyid Said, ambalo magofu yake yangali yametazama bahari, na ambamo Sayyida Salme alizaliwa mwaka 1844, daraja ya mtu ilijulikana kwa farasi au punda mweupe wa Maskati aliyempanda. Leo farasi wamegeuka kuwa hesabu ya nguvu ya injini. Maskati na Dubai, waliko jamaa zetu wengi, hesabu hiyo imepanda juu sana. Huko ziko barabara pana za kwenda mamia ya kilomita, liko jangwa la kulivuka, na mafuta yapo nchini mwao. Kijana wetu akiliona gari kule, humjia tamaa ya kulitia melini. Analosahau ni kwamba gari litapanda meli, lakini barabara haitapanda.

Ni vyema pia kukumbuka magari haya yalizaliwa kwa kazi gani. Gari la kwanza la jamii ya Land Cruiser liliundwa na Toyota mwaka 1951, nalo lilikuwa chombo cha shida, cha kupanda mlima na kupita tope. Range Rover ilipotoka Uingereza mwaka 1970, ilikusudiwa mwenye shamba aweze kulima nalo mchana na kwenda nalo karamuni usiku. Mambo yaligeuka baadaye. Mwaka 2002 kampuni ya Porsche, iliyokuwa maarufu kwa magari ya mashindano, ilitoa gari lake la kwanza la namna hii, Cayenne. Na lile la daraja ya Turbo lilikuwa na nguvu za farasi 450, likitoka kusimama hadi mwendo wa kilomita 100 kwa saa katika muda usiotimia sekunde sita. Wengine wakafuata, kila mmoja akitaka kumpita mwenzake. Kilichokuwa chombo cha shamba kikawa chombo cha mbio, kikaongezewa ngozi na marumaru ya mbao, kikauzwa kwa jina la gari la familia. Hata Toyota, katika Land Cruiser iliyotoka mwaka 2021, inauza Ghuba injini ya petroli yenye nguvu za farasi zaidi ya 400.

Sasa tuulize: nguvu hizo zitatumika wapi Unguja? Kisiwa chote urefu wake ni kama kilomita 85. Kutoka mjini hadi Nungwi, ncha ya kaskazini, si zaidi ya kilomita 60, na njia nzima imepitia vijijini, penye vioski, misikiti, mbuzi na watoto wanaotoka chuoni na juzuu mkononi. Hapana hata kipande kimoja cha njia ambapo mtu mwenye akili timamu atahitaji farasi 400. Atakayezitumia hatakuwa amelitumia gari. Atakuwa amewatumia binadamu wenzake.

Hesabu yake haifichiki. Dereva aendaye kilomita 50 kwa saa, akiona mtoto ametumbukia njiani, huchukua yapata sekunde moja kabla ya mguu kufika kwenye breki. Gari limekwisha kwenda mita 14. Kwenye lami kavu na kwa breki nzuri, litahitaji mita nyingine 14 kusimama. Jumla ni mita 28. Akiwa anakwenda kilomita 80 kwa saa, jumla hiyo hufika karibu mita 57, zaidi ya maradufu. Na kishindo cha gari huongezeka kwa uzito wake. Shangingi lenye tani mbili na nusu, likienda mwendo ule ule na kigari cha tani moja, hubeba kishindo mara mbili na nusu.

Liko na jambo la kimo. Taasisi ya Marekani ya usalama wa barabarani inayogharamiwa na makampuni ya bima, IIHS, ilichunguza ajali za waenda kwa miguu, na mwaka 2023 ikatangaza matokeo. Magari ambayo boneti zake zimezidi kimo cha inchi 40, yaani zaidi kidogo ya mita moja, yamekuwa na uwezekano wa kuua mkubwa kwa kiasi cha asilimia 45 kuliko magari yenye boneti fupi iliyoinama. Sababu yaeleweka hata bila taasisi. Gari fupi humpiga mtu mzima miguuni, naye huangukia juu ya boneti. Gari refu humpiga kifuani, na mtoto humpiga kichwani, kisha likamsukuma chini ya magurudumu. Mtoto wa miaka mitano kimo chake ni kama mita moja na kidogo. Akisimama mbele ya boneti hiyo, dereva hamwoni kabisa.

Basi ile salama ambayo mzazi ameinunua si salama iliyozalishwa upya. Ni salama iliyochukuliwa kwa mtoto wa mwenziwe anayekwenda kwa miguu. Tena si ya mwenziwe tu, kwani mtoto aliye hatarini zaidi mbele ya boneti refu, au nyuma ya gari linalorudi kinyumenyume uani, mara nyingi ni mtoto wa nyumba ile ile.

Tuje kwenye mfuko. Kigari kama Vitz hutumia takriban lita 6 au 7 za petroli kwa kilomita 100. Shangingi la petroli katika foleni za mjini hutumia lita 15 na kuendelea. Familia iendayo kilomita 600 kwa mwezi, skuli na sokoni, kazini na kurudi, itanunua kama lita 40 kwa gari dogo, au lita 90 kwa gari kubwa. Tofauti ni lita 50 kila mwezi, kwa bei inayotangazwa na ZURA na isiyomsikiliza mtu. Bado tairi, bado spea, bado fundi, na bado chumvi ya bahari ambayo hula chuma cha tajiri kama ilavyo chuma cha maskini. Wako watu tunaowaona wamefunga gari kubwa uani kwa turubali, wakipanda daladala, kwa kuwa kununua waliweza na kulisha wakashindwa. Na mafuta yote ya kisiwa hiki huja kwa meli. Kila lita inayounguzwa bure kwenye foleni ya Mtoni ni fedha za kigeni zilizotoka, na haziwezi tena kununua dawa wala kitabu.

Liko na suala la nafasi. Land Cruiser la miaka ya karibuni lina urefu wa karibu mita 5 na upana wa karibu mita 2. Vitz haifiki mita 4 kwa urefu, na upana wake ni mita 1.7. Kigari huchukua nafasi ndogo zaidi ya maegesho. Mji Mkongwe, ulioingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2000, ulijengwa kwa kipimo cha mtu, punda na hamali. Vichochoro vyake havipitishi gari lolote, na zile njia chache za Shangani, Malindi na Mkunazini zinapitisha kwa taabu. Shangingi likisimama mahali hapo, njia imefungwa. Likipanda ukingo, mwenda kwa miguu ameshushwa barabarani.

Na hapa ndipo tunapowageukia waheshimiwa wetu wa Serikali, kwa adabu lakini bila kumung'unya. Raia haendeshi kwa kusoma kanuni, huendesha kwa kumtazama mkubwa wake. Miaka ya sitini Afrika Mashariki ilizua neno la kuwaita wakubwa waliopenda fahari ya Mercedes: Wabenzi. Leo Mercedes limepishwa na shangingi, na ugonjwa ni ule ule. Ofisi nyingi za Serikali ziko mjini. Kutoka nyumbani kwa mkurugenzi hadi mezani pake ni lami tupu. Gari la kupanda milima atalipandia mlima gani? Anayekwenda kukagua mashamba, anayepeleka chanjo Tumbatu kwa kupitia Mkokotoni, anayeshughulikia mafuriko, huyo apewe gari la juu na dua tumwombee. Aendaye mkutanoni hoteli na kurudi ofisini, gari dogo halitampunguzia cheo.

Jambo hili limewahi kujaribiwa jirani. Mwaka 2009, katika bajeti ya Kenya, Uhuru Kenyatta akiwa Waziri wa Fedha aliamuru mawaziri na maofisa wakuu waachane na magari makubwa, watumie yenye injini isiyozidi lita 1.8, zikanunuliwa Volkswagen Passat. Wako waliosita kurudisha magari yao, na hilo lenyewe linafundisha: kilichokuwa kikiwauma si safari bali ukubwa. Hata hivyo, amri ilionyesha kuwa waziri anaweza kufika kazini bila shangingi, na serikali isianguke.

Kwa hiyo tunatoa rai tatu. Ya kwanza, Serikali iweke kanuni ya wazi ya ukubwa wa gari kwa kila kazi, si kwa kila cheo, na Baraza la Wawakilishi lipate kuikagua. Ya pili, ada za njia na maegesho mjini zitazame pia uzito wa gari. Paris ilifanya hivyo: wakazi walipiga kura Februari 2024, na tangu tarehe 1 Oktoba 2024 mgeni mwenye gari zito hulipa yuro 18 kwa saa katikati ya mji, mara tatu ya ada ya kawaida. Sisi si Paris, lakini mitaa yetu ni myembamba kuliko ya Paris. Familia kubwa inayotumia gari la abiria wengi lisilo la mbio isiadhibiwe, ipewe nafuu. Ya tatu, na hii ndiyo kubwa kuliko zote, njia za miguu, vivuko na matuta mbele ya skuli vijengwe kwanza, na mitaa mipya itiwe lami. Mtu akipata njia nzuri mlangoni pake, nusu ya sababu ya kununua shangingi itakuwa imekwisha.

Kwa mzazi anayepiga hesabu za kununua gari, tunamwomba ajiulize kabla hajatoa fedha: watu wangapi watapanda kila siku, na si siku ya harusi tu? Njia gani nitapita? Na nikiwa usukanini, nitamwona mtoto aliyesimama mbele yangu? Akijibu kwa ukweli, wengi watagundua kuwa gari la familia wanalolihitaji ni dogo, zito kiasi, lenye breki nzima na mikanda inayofungwa. Na siku ya maziko Mkokotoni, gari la kukodi lipo.

Wahenga walisema heshima ya mtu ni utu. Katika njia ya Mtoni utu ni kupunguza mwendo, kumsubiri mtoto avuke, na kumwachia mwenda kwa miguu ukingo wake. Hayo hayahitaji farasi 400. Yanahitaji dereva mmoja muungwana, na Serikali inayotangulia kwa mfano.