Windows 98: Kama Hamuiuzi, Basi Itoeni!

Leo nina jambo moyoni na nitalisema bila kuzunguka.

Chukua gemu ya DOS ya mwaka 1993, tuseme Doom. Halafu chukua gemu ya Windows ya mwaka 1997, tuseme FIFA 98. Ziweke zote kwenye laptopu mpya yenye Windows 11. Ipi itakubali kucheza kwa urahisi? Mtu yeyote atasema ile mpya. Wapi! Doom itawaka kabla chai yako haijapoa. FIFA 98 itakusumbua wikendi nzima, na huenda Jumatatu ikukute bado unahangaika nayo.

Kwa nini ya zamani ipite na ya juzi ikwame? Jibu la mitaani ni kwamba teknolojia imesonga mbele, gemu hizo zimepitwa na wakati. Mimi ni mtengenezaji wa programu, nimesomea sayansi ya kompyuta, kazi hii ndiyo inayoniletea ugali mezani, na nakwambia jibu hilo ni uongo. Tatizo si teknolojia. Tatizo ni ruhusa.

Tuanze na ufundi, kisha tugombane.

Windows ya biti 64 haiendeshi programu za biti 16. Prosesa ikiingia katika hali ya biti 64 inapoteza ile njia ya zamani iliyokuwa ikitumiwa na programu za DOS, na Microsoft waliamua kutojenga njia nyingine. Windows 11, iliyotoka mwaka 2021, haina hata toleo la biti 32. Sasa, gemu nyingi za miaka ya 1995 hadi 1999 zenyewe ni za biti 32, lakini programu ya kuzisakinisha iliyo ndani ya CD mara nyingi ni ya biti 16. Yaani chakula kimeiva, ila mlango wa jikoni umepigwa kufuli.

Je, haiwezekani kweli? Muulize mtu wa Linux. Wine, mradi ulioanza mwaka 1993, unaendesha programu za Windows za biti 16 juu ya Linux ya biti 64 hadi leo. Wageni wanaweza, mwenye nyumba anasema haiwezekani!

Ukivuka mlango huo unakutana na kinga za CD. Gemu nyingi za mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilifungwa kwa SafeDisc, iliyotegemea draiva moja iitwayo secdrv.sys. Windows 10 ilipotoka mwaka 2015 haikuikubali, na Septemba mwaka huohuo sasisho la usalama likaizima kwenye Windows Vista, 7 na 8 pia. Sababu yao ilikuwa ya kweli, kwa maana mwaka 2007 draiva hiyo ilipatikana na tundu lililotumiwa na wavamizi. Sawa. Lakini tazama nani aliyeumia. Aliyelipa pesa zake akanunua CD halali, gemu yake imekataa. Aliyenunua nakala ya magendo iliyokwisha kuvunjwa kinga anacheza bila wasiwasi. Mwenye haki ndiye aliyefungiwa nje.

Dawa yake ipo, nayo ni mashine pepe. Kwa ambaye hajawahi kuitumia: hii ni programu inayojifanya kompyuta nzima. Inaupa mfumo endeshi wa zamani diski yake, kumbukumbu yake na kadi yake ya picha, na mfumo huo haujui kwamba umekaa ndani ya faili moja kwenye laptopu yako. VirtualBox ipo tangu mwaka 2007 na unaipakua bure. VMware Workstation Pro nayo imekuwa ya bure tangu mwaka 2024. Kuna pia 86Box, ambayo haiazimi prosesa yako bali inaiga kompyuta ya enzi zile kipande kwa kipande, mpaka kadi ya picha ya Voodoo. Hiyo inataka prosesa yenye misuli, lakini inafanya kazi.

Si kwamba mambo ni laini. Windows 98 inaanguka kwenye baadhi ya prosesa za siku hizi, kwa sababu haikuandikwa kuelewa tabia zake. Nao VirtualBox walipofika toleo la 6.1, mwaka 2019, waliondoa ile picha ya 3D ya mtindo wa zamani iliyokuwa ikisaidia wageni kama Windows XP. Lakini hata hapo wamejitokeza watu wa kujitolea. Kuna kiraka kiitwacho Patcher9x kinachorekebisha Windows 95 na 98 zisianguke, na kuna SoftGPU inayozipa draiva ya 3D ndani ya mashine pepe. Kazi ngumu, ile ya kukesha, imefanywa na watu ambao hawajawahi kulipwa mshahara na Microsoft.

Sasa nikuulize swali moja tu. Hiyo Windows 98 yenyewe utaitoa wapi?

Microsoft waliacha kuihudumia Julai 2006. Hawaiuzi. Ukienda na pesa mkononi hakuna dirisha la kulipia. Leseni iliyokuja na kompyuta ya mtumba kwa kawaida ilifungwa kwa kompyuta ileile, na ikifa, leseni inazikwa nayo. Kinachobaki ni tovuti za uchochoroni, ambako unapakua faili usilojua limeguswa na nani. Ndiyo maana kila mwongozo wa kuendesha gemu za zamani una hatua ya kwanza isemayo "tafuta nakala yako ya Windows 98", kisha mwandishi anameza mate na kukimbilia hatua ya pili.

Hapo ndipo siri ya Doom inapofichuka. DOSBox, iliyotoka mwaka 2002, iliandika DOS yake yenyewe. Haihitaji hata herufi moja kutoka kwa Microsoft. Kwa hiyo duka kama GOG, lililofunguliwa mwaka 2008, linaweza kukuuzia gemu ya DOS ikiwa na DOSBox ndani, nawe ukabonyeza ukacheza. Gemu za DOS zimepona kwa sababu hakuna aliyehitaji kuomba ruhusa. Gemu za Windows 95 na 98 zinakufa kwa sababu ruhusa inahitajika na hakuna anayeitoa.

Na wasituambie kwamba haijawahi kufanyika! Mwaka 2009, Windows 7 ilipotoka, wenye matoleo ya Professional, Enterprise na Ultimate walipewa XP Mode, yaani Windows XP kamili, yenye leseni, ndani ya mashine pepe, bila malipo ya ziada. Kwa nini? Kwa sababu makampuni yalikuwa na programu za zamani na yalipiga kelele. Mtu wa toleo la Home hakupewa, na hata waliopewa hawakupata 3D, kwa hiyo gemu nyingi ziliwakatalia. Windows 8 ilipokuja mwaka 2012, XP Mode ikaondolewa. Mwaka 2013 Microsoft haohao waliwagawia watengenezaji wa tovuti mashine pepe za bure zenye Windows XP ili wajaribu Internet Explorer 6. Baadaye wakaziondoa. Na MS-DOS je? Msimbo wa matoleo ya kwanza ulitolewa mwaka 2014 kupitia Computer History Museum, ukawekwa GitHub kwa leseni huria mwaka 2018, na MS-DOS 4.00 ikafuata mwaka 2024. Nani alifilisika? Hakuna.

Najua majibu yatakayokuja, kwa hiyo nijibu mapema.

Wa kwanza atasema, "Nunua toleo lililotengenezwa upya." Sawa, Age of Empires II ilipata lake mwaka 2019 na ni zuri. Lakini utafiti wa Video Game History Foundation wa mwaka 2023 ulionyesha kwamba asilimia 87 ya gemu za kale zilizotoka Marekani kabla ya mwaka 2010 hazipo tena sokoni. Na FIFA 98 je? Ile iliyokuwa na timu za taifa za wanachama wote wa FIFA, hata Harambee Stars ungeweza kuipeleka Kombe la Dunia kwa vidole vyako! EA waliachana na jina la FIFA, na tangu mwaka 2023 wanauza EA Sports FC. Nani atakayeifufua FIFA 98? Mngoje mpaka mfe.

Wa pili atasema, "Windows 98 ina matundu ya usalama." Kweli kabisa. Ndiyo maana tunaiweka ndani ya mashine pepe, tunazima kadi ya mtandao, na haioni intaneti hata kwa ndoto. Hatari kubwa zaidi ni kuwasukuma watu kwenye zile tovuti za uchochoroni.

Wa tatu, huyu ni wa nyumbani, atacheka: "Sisi Wakenya tulicheza CD za kuchoma kwenye saiba, leo tunadai haki gani?" Ni kweli, nyingi ya CD zilizozunguka zilikuwa nakala. Lakini hiyo ndiyo hoja yangu! Usipompa mtu njia halali, usishangae akipita njia ya panya. Sheria yetu ya Hakimiliki ya mwaka 2001 inamruhusu mwenye programu halali kujitengenezea nakala ya akiba. Nakala hiyo ina faida gani kama mfumo wa kuiendesha umefichwa?

Wa nne atasema ni michezo tu ya watoto. Ndugu yangu, ukuta huohuo ndio unaozuia CD za masomo, programu za hesabu za biashara ndogo, na mashine za maabara ambazo draiva yake iliandikwa mwaka 1998. Gemu ndiyo inayolia kwanza kwa sababu ndiyo inayohitaji kila kitu: picha, sauti, kasi.

Kwa hiyo dai langu ni moja na halihitaji mkutano. Microsoft, toeni faili rasmi la Windows 95 na 98, la kutumika ndani ya mashine pepe pekee. Hatutaki msimbo. Hatutaki huduma kwa wateja. Andikeni kwa herufi kubwa kwamba hakuna dhamana, tutasaini. Kile ambacho hamkiuzi hakiwezi kuwapotezea mauzo.

Nanyi wasomaji, wakati tunasubiri, msikae tu. Toeni CD zenu kwenye makabati mzinakili sasa, maana CD huoza. Na msitumie ISO kwa kila kitu. Gemu nyingi za enzi hizo, kama Quake ya mwaka 1996, ziliweka muziki kama nyimbo za kawaida za CD, na ISO huziacha nje. Tumieni BIN na CUE, mpate gemu pamoja na ngoma zake.

Mashine tunazo. CD tunazo. Mafundi tunao, tena wa bure. Kilichobaki ni ufunguo mmoja, na mwenye ufunguo ameketi juu yake.