Mapafu Yanayolindwa na Ini

Katika toleo hili tushuke kifuani. Kila pumzi huingia na vumbi na vijidudu, na seli nyeupe za damu hukimbilia kupambana navyo. Silaha yao mojawapo ni elastasi, kimeng'enya cha kukatakata protini. Ubaya wake hakibagui: kikibaki huru, hula hata nyuzi zinazoyawezesha mapafu kutanuka na kurudi. Kwa hiyo mwili hutengeneza protini za kukizuia. Zinatoka wapi?

Kwenye koo la hewa na mirija mikubwa, kizuizi kikuu, kiitwacho kwa kifupi SLPI, hutoka papo hapo, katika tezi zilizo chini ya utando, hasa seli zake zinazotoa majimaji mepesi. Mirija ikishakuwa myembamba, tezi hizo hutoweka, na kazi hushikwa na seli zenye kichwa kilichotuna. Hapa wafasiri tuwe macho: Kiingereza huziita seli za "klabu", lakini si chama kama hiki chetu, ni rungu! Zamani zilibeba jina la Max Clara, aliyezieleza mwaka 1937 kwa kutumia tishu za wafungwa waliouawa na utawala wa Kinazi. Jina hilo limeachwa, na mimi naona ni haki.

Chini kabisa, kwenye vifuko vya hewa, mlinzi mkuu ni mgeni. Alfa-1 antitripsini hutengenezwa zaidi kwenye ini, husafiri kwa damu, kisha hupenya hadi mapafuni. Mwaka 1963, huko Malmö, Sweden, Carl-Bertil Laurell na Sten Eriksson walieleza habari za watu walioikosa katika damu, baadhi yao mapafu yakiwa yamechakaa. Katika aina kali ya kasoro hii ya kurithi, iitwayo Z, protini hujikunja vibaya na kukwama ndani ya ini. Ini huumia kwa kujaa, mapafu kwa kukosa.

Moshi wa sigara huongeza balaa, maana huilemaza hata ile kidogo iliyofika, na huku huita seli nyeupe zaidi. Marekani, baadhi ya wagonjwa hutiwa mshipani, kwa kawaida kila wiki, protini iliyochujwa kutoka damu ya wachangiaji. Hiyo hupunguza kasi ya uharibifu. Nyuzi zilizokwisha kuliwa hazirudi.